Koti la Jater

Tuambiane ukweli: katika shule ya wavulana, hakuna anayejiunga na chama cha drama kwa sababu anapenda sanaa. Anayekuambia hivyo anakudanganya, au alikuwa kiranja. Sisi tulijiunga kwa sababu ya fanki. Kama hukusoma bodingi Kenya, fanki ni ile Jumamosi ambapo basi la shule linatoka getini na wavulana arobaini waliolalia suruali zao chini ya godoro usiku kucha ili zinyooke, linaenda kuwamwaga katika shule ya wasichana. Kisingizio kinaweza kuwa mdahalo, kongamano la fasihi, muziki au drama. Lakini mdahalo ni siku moja tu, basi umeisha. Drama mkishinda mnapanda ngazi, kutoka Februari mpaka Aprili, na kila ngazi ni shule nyingine, wasichana wengine, mkate mwingine na soda nyingine.

Shule yetu ilikuwa Kisumu, upande ambao upepo wa jioni ukivuma kutoka ziwani unakuletea harufu ya omena hadi darasani, ukiwa katikati ya hesabu. Jina lake tuliache.

Ijumaa kabla ya fanki bweni liligeuka kinyozi. Mtu mwenye wembe alikuwa mfalme. Kulikuwa na chupa moja ya marashi kwa bweni zima, na ilipokaribia kuisha mwenyewe aliiongeza maji, halafu tena maji, mpaka Fomu Wani walikuwa wanajipaka maji matupu na kunusa mikono yao kwa imani. Soksi ziliazimwa. Tai ziliazimwa. Kulikuwa na jamaa mmoja wa Fomu Foo aliyekodisha viatu vyake kwa vipande viwili vya mkate wa Jumapili, na vilikuwa vikubwa kwa kila mtu.

Mkishafika sasa, ndio ujue hamjui kitu. Madawati yamesukumwa ukutani, muziki unapigwa, wavulana upande huu, wasichana upande ule, na katikati mwalimu wa zamu anatembea na rula ya mita moja. Ile rula ilikuwa sheria: ikipita kati yenu bila kumgusa yeyote, mnacheza vizuri. Ikigusa, mnatenganishwa. Mazungumzo yenyewe yalikuwa ya kusikitisha. Unaitwa nani? Uko fomu gani? Kwenu mmefika wapi na *Mstahiki Meya*? Nimewahi kumsikia rafiki yangu akimweleza msichana maudhui ya uongozi mbaya kwa dakika kumi nzima, jasho likimtoka, na yule msichana akitikisa kichwa kama anayeandika noti. Tulirudi na anwani zimeandikwa kiganjani, tukikwepa kunawa, na usiku bwenini tukaongopeana.

Nimepitia fanki za kutosha katika miaka minne ile, na hakuna hata moja iliyonifundisha lolote kuhusu mwanamke. Kilichonifundisha ni gauni, tena gauni la mke wa mpishi wetu, rangi ya machungwa, lililokuwa limepasuka kidogo kwapani.

Maana katika shule ya wavulana tamthilia ikiwa na mama, mvulana ndiye mama. Shule za wasichana nazo huchora ndevu kwa makaa. Jambo hili si letu peke yetu. London ya Shakespeare haikuruhusu wanawake jukwaani, kwa hivyo Juliet wa kwanza alikuwa mvulana aliyevalishwa gauni. Shule za misheni zilitushushia Shakespeare pamoja na kengele na paredi. Carey Francis, aliyekuwa mkuu wa shule ya Maseno, hapo juu ya Kisumu, kabla ya kuhamia Alliance mwaka 1940, aliiongoza Alliance katika miaka ambayo tamthilia ya Shakespeare ilikuwa tukio la kila mwaka pale. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Alliance kutoka 1955 hadi 1958, ameliandika hilo katika kumbukumbu zake. Tamasha la drama la shule za Kenya lilianza 1959, na kwa muda lilikuwa jambo la Kiingereza na la shule za Wazungu. Leo lina tamthilia, mashairi, densi za kitamaduni, masimulizi, hata filamu, na washindi hupelekwa kuigiza mbele ya Rais. Ndiyo maana shule nyingine hulipa mwandishi na mwelekezi kutoka nje. Yetu haikuwa na hizo pesa. Tulikuwa na mwalimu wa Kiswahili, kijana bado, aliyekaa kwenye nyumba ya walimu yenye chumba kimoja na redio.

Mwaka 2013, nikiwa Fomu Tu, alikuja mazoezini na gazeti. Wasichana wa Butere, mwisho wa ile reli inayotoka hapa Kisumu, walikuwa wamezuiwa kuipeleka tamthilia yao *Shackles of Doom* kwenye tamasha la kitaifa. Ilihusu mafuta, kabila na nani anakula nini katika nchi hii. Mahakama Kuu ikaingilia na kuamuru waigize. Mwalimu alitusomea habari yote, akakunja gazeti, akasema mwaka ujao ataandika yeye mwenyewe. Tukadhani ataandika kuhusu serikali. Akasema, "Serikali ina watu wa kuisema. Sisi tuseme ya nyumbani."

Ya nyumbani ilikuwa hivi. Mvuvi anakufa maji. Mjane wake, mikayi, yaani mke wa kwanza katika boma la Kijaluo, anabaki na watoto. Baada ya mazishi wazee wanamletea jater, mwanaume wa ukoo wa kumrithi, maana ndivyo tero inavyodai. Anakataa. Anaenda ufuoni kununua omena alishe watoto, na huko anakutana na jaboya, mvuvi ambaye hakuuzii samaki mpaka umlipe na mwili wako pia. Haya si mambo ya kubuni. Kila mtoto wa ufuo anajua neno jaboya kabla hajajua maana yake. Upande wa Kano, pale Nduru, wanawake waliungana wakapata mashua zao wenyewe ili wawaajiri wavuvi na wasiombe mtu samaki. Baadaye, mwaka 2020, maji ya ziwa yalipanda yakawatoa hata majumbani mwao. Mwalimu alikuwa amesikia habari za mashua hizo, na tamthilia yake iliishia na mashua.

Siku ya kugawa majukumu, vita ilikuwa juu ya nani awe chifu. Sehemu ya chifu ilikuwa na kofia. Mwalimu alitutazama mmoja mmoja, mimi nikiwa mfupi kuliko wote wa Fomu Thrii na sauti yangu bado haijaamua, akasema, "Wewe ndiye mikayi."

Bwalo lote likaanguka. Marafiki zangu walinifariji kama mtu aliyefiwa, kwa sababu hesabu ilikuwa wazi: ukienda fanki umevaa gauni, nani atakupa anwani? Kufikia prepu ya usiku jina langu lilikuwa limeshabadilika. Nikawa Mikayi foleni ya githeri, Mikayi kwenye maji ya kuoga, Mikayi hata kwa deputi, ambaye alilitamka bila kucheka, jambo lililokuwa baya zaidi.

Mazoezi yalifanyiwa bwaloni baada ya prepu, meza zikiwa zimepandishwa juu ya meza, harufu ya sukuma haijaisha. Wiki ya kwanza nilifanya kile ambacho kila mvulana hufanya akiambiwa aigize mwanamke. Nikakaza sauti juu, nikazungusha kiuno, nikaweka mkono kiunoni. Walicheka mpaka wengine wakalala sakafuni. Mwalimu alingoja wamalize.

"Huyo ni nani?" akaniuliza.

"Ni mikayi, Mwalimu."

"Mama yako anatembea hivyo?"

Kimya. Katika shule ya wavulana unaweza kumtukana mtu baba, kabila na timu yake ya mpira. Mama hatajwi. Lakini yeye hakuwa ananitukana. Alikuwa anauliza, na alisimama pale akisubiri jibu.

Mama yangu alikuwa anauza omena. Tulikaa Nyalenda, chumba kimoja na pazia. Alinunua ufuoni Dunga asubuhi, mashua za usiku zikirudi na taa zake, akaianika, halafu akaiuza sokoni Kibuye. Nusu muhula iliyofuata nilimsindikiza siku zote tatu. Nilikuwa nimemsaidia tangu utotoni, lakini sikuwahi kumwangalia. Nikaanza sasa. Hakuwa anakaa kwenye benchi. Alikalia ndoo iliyopinduliwa, magoti yamefungana, mgongo umenyooka. Alijaza gorogoro mpaka juu, akasawazisha kwa kiganja, kisha akaongeza konzi moja ya nyongeza bila kumtazama mteja, kama kwamba mkono ule ni wa mtu mwingine. Mteja akitaka kupunguziwa bei, yeye alitazama barabarani. Hakubishana. Alitazama tu magari mpaka mteja akajishusha mwenyewe. Pesa ilifungwa kwenye ncha ya leso, na fundo lile alilifunga kwa meno. Na akichoka hakushika kiuno. Alikuwa anabonyeza kifundo cha mkono wa kushoto kwa kidole gumba cha kulia, taratibu, macho yakiwa mbali.

"Mbona unaniangalia hivyo?" aliniuliza siku ya pili. "Unanidai?"

"Hapana, Mathe."

"Basi beba gunia."

Kuna kitu kingine nilichokuwa nacho ambacho sikuhitaji kwenda Kibuye kukitafuta. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, baada ya kuugua muda mrefu, na tukamzika nyumbani, Seme. Majuma kadhaa baadaye, usiku, binamu ya baba alikuja. Alikuwa mtu mpole. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka na wadogo zangu, au ndivyo kila mtu alivyofikiri. Aliongea na Mama kidogo, habari za mahindi, habari za ada. Kisha akavua koti lake akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, pale ambapo koti la Baba lilikuwa likining'inia, akatoka nje kidogo, nadhani kwenda kujisaidia. Mama alisimama. Akalitoa koti kwenye msumari. Akalikung'uta, akalikunja mara mbili, akasawazisha mikono yake kama anavyokunja nguo za kanisani, akalitoa nje na kuliweka juu ya kigoda chini ya paa, mahali ambapo mvua haifiki. Akarudi, akafunga mlango. Hakusema neno. Asubuhi kigoda kilikuwepo, koti halikuwepo.

Yaliyofuata yalichukua miaka. Shamba halikulimwa, kwa sababu mjane ambaye hajafanyiwa tero hawezi kutangulia kupanda. Shangazi hakuingia tena nyumbani kwetu. Tuliambiwa chira itatupata, ule ugonjwa wa kudhoofika unaowafuata waliovunja mwiko, na kwamba itaanza na watoto. Tukahamia Nyalenda. Nilipougua malaria darasa la saba, simu ilikuja kutoka nyumbani kabla hata sijapona: si tulisema?

Katika mswada wa Mwalimu, mjane alilitupa koti la jater kwenye matope na kutoa hotuba. Ilikuwa ukurasa mzima na robo. Ilikuwa na Katiba ya 2010 ndani yake, haki za mwanamke, methali nne, na mwisho mzuri sana. Nilikuwa nimeikariri yote. Usiku mmoja nikamwendea nikamwambia kwamba mwanamke huyu hangeongea.

"Angefanya nini?"

Nikamwonyesha. Nilichukua sweta ya mtu, nikaitoa kwenye kiti, nikaikung'uta, nikaikunja, nikaiweka nje ya mstari wa chaki uliokuwa mlango wetu. Hakuniuliza nilikoitoa. Alikaa siku mbili na ule mswada. Kwa mwandishi si jambo dogo, hotuba ile ndiyo iliyokuwa imemtoa jasho, na kila mwalimu wa drama anajua waamuzi hupenda hotuba. Siku ya tatu alirudi na ukurasa mzima na robo ukiwa umepigwa mstari.

Lakini aliyeigeuza tamthilia hasa hakuwa mimi. Alikuwa jater wetu, propu wa timu ya raga, jamaa mkubwa kutoka upande wa Mbita aliyeingia drama ili apumzishe goti. Mwalimu alitaka aingie akiwa amelewa, chupa mkononi, shati limefunguka, watu wacheke na wamchukie. Akaigiza hivyo wiki mbili. Kisha jioni moja akaketi juu ya meza, akakataa.

"Mwalimu, na kama jater si mtu mbaya?"

Hakuna aliyejibu. Akatuambia, akitazama viatu vyake, kwamba mama yake alirithiwa. Ndugu ya baba yake. Yule mzee ambaye huja siku ya wazazi na kuku mzima wa kukaanga kwenye sufuria, ambaye sote tumekula kuku wake, si babake. Ndiye anayelipa ada. Ndiye aliyemfundisha kuogelea. "Mimi sitaingia nimelewa," alisema. "Nitaingia nimevaa vizuri."

Mwalimu alibisha kidogo. Akasema mashirika yote yanapinga tero, kwamba imeeneza ukimwi, kwamba hatuwezi kuipamba. Yalikuwa kweli. Propu naye hakubisha hata neno, ila hakuichukua ile chupa. Basi jater wetu akaingia amevaa vizuri, akauliza habari za watoto, akaahidi ada, na kila alichoahidi kilikuwa cha kweli. Ghafla sikujua niigizeje. Kumkataa mlevi ni rahisi. Sasa nilikuwa nakataa mtu mwema, na nilikuwa nimebaki na koti peke yake. Ndipo kwa mara ya kwanza nikafikiria kwamba Mama, usiku ule, huenda aliogopa. Huenda hata alimpenda yule binamu kidogo, kama mtu anavyompenda shemeji mpole. Na bado akalikunja.

Tulipita zoni, tukapita kaunti ndogo. Mashindano ya kaunti, Machi 2014, yalifanyika katika shule ya wasichana, na ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mama alikuja. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba tuna drama. Sikumwambia mimi ni nani ndani yake. Alifunga biashara mapema, akaja na leso yake ya soko, akakaa karibu na mlango wa nyuma pamoja na akina mama wengine. Nilimwona kupitia tundu la paneli ya mbao, tayari nimepakwa poda, gauni la mke wa mpishi likinibana kwapani. Tumbo likafanya kile ambacho tumbo hufanya.

Nilipotokea, ukumbi ulilipuka. Wasichana wa mstari wa mbele walipiga mayowe, mmoja akauliza kwa sauti kama huyu ni dem ama ni boy. Nikakalia ndoo. Nikapima omena. Nikaongeza nyongeza. Vicheko vikapungua polepole, kisha vikarudi tena kwa nguvu jater alipolitundika koti, kwa sababu msumari wa paneli yetu uling'oka, koti likaanguka chini puu. Mwigizaji mwingine angekimbia. Propu aliinama na lile goti lake bovu, akaliokota, akalifuta vumbi kwa kiganja, akaliweka kwenye kiti kwa heshima kana kwamba ndivyo lilivyoandikwa, akatoka.

Nikasimama. Nikalichukua. Sikumtazama Mama, nilitazama mbali, kama anavyotazama magari. Nikalikung'uta, nikalikunja mara mbili, nikasawazisha mikono. Mabati ya ukumbi yalikuwa yakilia kwa jua, na ndiyo sauti pekee iliyokuwepo. Nikalitoa nje nikaliweka juu ya kigoda, nikafunga mlango. Kutoka nyuma, kwa akina mama, sauti moja nzito ya mwanamke mzee ikasema kwa Kijaluo, "Adier!" Kweli! Sikuisikia nyingine.

Tuliibuka wa tatu, na wa tatu hakuendelea. Mwamuzi alipotoa maoni yake alisema mwelekezi amekosa nafasi: pale kwenye koti, mjane angepaswa kutoa hotuba, hadhira isikie msimamo wake. Mwalimu wetu alikuwa amekaa mstari wa pili. Aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika, na mpaka leo wenzangu wanabishana kama alikuwa analia au anacheka. Mimi nilikuwa karibu. Alikuwa anacheka.

Mama aliningojea kando ya basi. Bado nilikuwa na poda shingoni. Alinipa mfuko wa mandazi, akanitoa uzi uliokuwa umenasa kwenye kola yangu, akauangalia ule uzi.

"Lilikuwa la kahawia," akasema.

"Nini, Mathe?"

"Koti. Lenu ni jeusi. Lile lilikuwa la kahawia, na kifungo kimoja kilikuwa kimekatika." Kisha akanisukuma kidogo begani. "Panda basi. Wenzako wanakungoja."

Mpaka siku ile sikujua kwamba alijua sikuwa nimelala.

Bwenini mambo hayakubadilika kama yanavyobadilika kwenye sinema. Niliitwa Mikayi mpaka mtihani wa mwisho. Lakini wiki ile, taa zikizimwa, watu walianza kuja kukaa kwenye kitanda changu. Hawakuja kuongea kuhusu tamthilia. Mmoja alikuja kuuliza kama chira ni ya kweli kisayansi. Mwingine alikaa kama nusu saa akiongelea ligi ya Uingereza, akasimama kuondoka, ndipo akasema mamake anauza samaki Usenge na hajui anawapataje, na hataki kujua, lakini anawaza. Akaenda kulala. Nilimsikia akigeuka geuka. Hakuna fanki iliyowahi kutufanya tuseme vitu kama hivyo, labda kwa kuwa rula ile ilikuwa inapita hata kati yetu sisi kwa sisi.

Siku ya wazazi iliyofuata, propu aliniita nikamsalimie mzee wake. Kuku alikuwepo, kwenye sufuria ile ile. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanitazama juu mpaka chini.

"Kumbe wewe ndiye mwanamke aliyetukataa?"

Alicheka mpaka akakohoa, akanichagulia paja.

Na kama unataka kujua, barua nilipata. Moja, kurasa tatu, kutoka kwa msichana aliyekuwa ameigiza chifu kwenye tamthilia ya shule yao. Hakuuliza niko fomu gani. Aliandika kwamba tangu ajifunze kukaa kama mwanaume, magoti yametengana, hakuna mtu anayemsukuma tena kwenye kiti cha matatu, na sasa hajui kama aache. Tuliandikiana mwaka mzima. Hatukuwahi kukutana.

Nilikuwa kwenye matatu Nairobi, Aprili 2025, nilipoona video kutoka Nakuru. Butere tena. Safari hii ni *Echoes of War*, ya Cleophas Malala, yule yule aliyeandika *Shackles of Doom*. Tena walikuwa wamezuiwa, tena mahakama ikaamuru waruhusiwe. Mwandishi wao akakamatwa, polisi wakatupa vitoa machozi, na wasichana wakaambiwa waigize katika ukumbi usio na watazamaji. Wakasimama, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Watu kwenye simu yangu walikuwa wakibishana kama watoto wanaelewa wanachoigiza au wanatumiwa na mwanasiasa. Mimi nina malalamiko yangu kuhusu shule kununua miswada. Inawanyima watoto ile nafasi ya kumwambia mwalimu kwamba mtu huyu hangesema hivi. Lakini hoja kwamba mtoto wa shule haelewi maneno aliyoyabeba mdomoni miezi mitatu, usiku baada ya usiku, akiwa na njaa, inaweza kutolewa tu na mtu ambaye hajawahi kusimama bwaloni baada ya prepu. Na wale wasichana walipoona ukumbi hauna watu, hawakuhitaji mwandishi wa kuwaambia la kufanya.

Mama alipiga simu jioni ile. Aprili omena hufungwa, serikali haimruhusu mtu kuivua mpaka Agosti, kwa hivyo alikuwa akiuza mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kwenda ng'ambo. Alikuwa ameona habari kwa jirani. Aliniuliza kama wale watoto wamekula, maana siku za drama, alisema, mlikuwa mnarudi na njaa kama fisi. Kisha akaniuliza kama nimepata pesa ya stima, na akalalamika kwamba mgongo wazi nayo siku hizi imepanda bei.